Kuanzisha Shule ya Chata Marekani: Mwongozo Kamili kwa Wazazi Wanaokwama Kabla ya Kufungua

Vikundi vinavyokwama hufanana. Wazazi wamekutana, jina la shule limepatikana, nembo imechorwa, michango imepita, pengine hata ukumbi umekwisha kukodiwa. Mwaka unaisha, wa pili unaisha, na hakuna mtoto aliyekaa darasani.

Karibu kila mara wameanza na jengo, wakaiacha hesabu iwe ya mwisho. Jimbo halilipii jengo wala jina. Linalipia mtoto aliyeandikishwa, chini ya mkataba uliotiwa saini, katika shule yenye bodi inayoweza kusoma taarifa ya fedha. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu huo, na utaratibu wenyewe una maana: ukiruka moja, ijayo itakurudisha nyuma.

Shule ya chata ni shule ya umma. Haitozi ada, inapokea mtoto yeyote, lakini inaendeshwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba badala ya kuwa chini ya wilaya ya elimu. Nimetumia sheria ya Minnesota, jimbo la kwanza kupitisha sheria hii mwaka 1991, na ambako Wakenya wengi wamejenga maisha upande wa Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis. Ukiwa Texas, Ohio au Arizona, hatua ni zilezile kwa sehemu kubwa, ila tarehe na viwango soma vya jimbo lako.

## Kabla ya yote: je, jimbo lako linaruhusu?

Nebraska, South Dakota na Vermont hazina sheria ya shule za chata. Kentucky, ambako Wakongomani wengi wanaishi Louisville na Lexington, imepitisha sheria lakini hakuna shule hata moja iliyofunguliwa chini yake. Sheria ya kugharimia shule hizo ilibatilishwa mahakamani mwaka 2023, na mwaka 2024 wapiga kura wakakataa kubadili katiba. Kama uko huko, nguvu zako zipeleke kwenye shule ya wilaya iliyopo. Usichangishe watu fedha kwa jambo ambalo kwa sasa halina njia.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Watu watano hadi wanane wasio na undugu, walio tayari kujitolea bila malipo kwa miaka miwili au zaidi.
- Mmoja wao awe amewahi kushika hesabu za fedha za umma au za shirika. Mtu wa kuhesabu sadaka hatoshi.
- Mwalimu mwenye leseni ya jimbo ambaye amewahi kufundisha katika shule ya umma ya Marekani.
- Nakala ya sheria. Kwa Minnesota ni sura ya 124E ya sheria za jimbo. Kila mwanachama aisome yote. Ni ndefu, lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha kueleweka.
- Fedha kidogo za kuanzia: ada ya usajili, wakili kwa saa chache, na dola 600 za ombi la msamaha wa kodi nitakalolieleza hatua ya tatu.
- Kabrasha moja, la karatasi au la mtandaoni, la kutunzia mihtasari ya vikao vyote tangu cha kwanza.

Jengo halimo kwenye orodha hii, na nimeliacha makusudi.

## Hatua ya 1: Hesabu watoto kwa majina

Mkono ulionyooshwa baada ya ibada au kwenye harusi si mtoto aliyeandikishwa. Tengeneza fomu ya nia yenye jina la mzazi, umri wa mtoto, darasa atakaloingia mwaka mtakaofungua, msimbo wa posta na saini. Hapo penye darasa ndipo wengi hukosea. Mtoto wa darasa la nne leo atakuwa la sita au la saba shule itakapofunguka, na kama mnaanza na chekechea hadi la tano, huyo hayumo.

Hakikisha fomu hizo zinatoka pia nje ya jamii yetu. Shule ya umma haiwezi kubagua kwa asili wala lugha, na maombi yanayoonyesha watu wa kabila moja au usharika mmoja humtia shaka msomaji mara moja. Pita kwa majirani Wasomali, Waliberia, Wahmong (watu wenye asili ya Asia) na Wamarekani weusi. Mzazi anayetafuta darasa dogo na mwalimu anayepokea simu hatajali nani aliianzisha.

Onyo: Usiulize hati za uhamiaji popote, wala kwa mzaha. Tangu hukumu ya Plyler v. Doe ya mwaka 1982, mtoto hawezi kunyimwa elimu ya msingi na sekondari ya umma kwa sababu ya hati. Mzazi akiulizwa mara moja tu, habari itaenea na fomu zitakoma.

Umefanikiwa ukiona: theluthi mbili za fomu zako zinatosha kuendesha shule. Theluthi iliyobaki ihesabu imepotea. Familia zinahama, zinapata nafasi karibu na nyumbani, au zinasubiri kwanza zione wengine wameendaje.

## Hatua ya 2: Unda bodi inayoweza kukataana

Minnesota inataka bodi ya watu wasiopungua watano wasio na undugu. Shule ikishafunguka, ndani ya bodi awepo mwalimu wa shule mwenye leseni, mzazi wa mwanafunzi, na mtu wa jamii asiye mwajiriwa wa shule.

Hapa tuseme ukweli kwa upendo. Tumezoea mwenyekiti ambaye ni mzee anayeheshimika, mhazini ambaye ni shemeji yake, na katibu anayeandika alichoambiwa. Kwenye chama cha kufa na kuzikana utaratibu huo unaweza kubebeka. Kwenye shule ya umma ni kosa la kisheria linalosubiri tarehe. Mjumbe hawezi kukaa kwenye bodi huku yeye au mtu wa familia yake akiwa na kampuni inayoiuzia shule huduma au kuikodishia jengo.

Jambo la pili ambalo waanzilishi hawapendi kulisikia: shule hii haitakuwa mali yenu. Bodi ya waanzilishi hupisha bodi inayochaguliwa na wazazi na watumishi wa shule. Anayetaka kuanzisha ili awe mkurugenzi wa maisha aanzishe shule binafsi. Lisemeni hili kwenye kikao cha kwanza kabisa, kwa sababu likijitokeza mwaka wa tatu huvunja urafiki na shule pamoja.

Wajumbe wanatakiwa pia kupata mafunzo ya uongozi wa bodi, ajira na fedha. Anzeni mapema.

Umefanikiwa ukiona: muhtasari wa kikao ambamo mjumbe mmoja alipinga pendekezo la mwenyekiti, hoja ikajadiliwa, na kura ikapigwa bila mtu kususa.

## Hatua ya 3: Sajili shirika

Shule inasimama kama shirika lisilo la faida chini ya sura ya 317A ya sheria za Minnesota. Mnasajili kwa Katibu wa Jimbo, mnaomba namba ya mwajiri kutoka mamlaka ya kodi ya IRS (hii ni bure, msimlipe mtu), kisha mnaomba hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato.

Kwa hadhi hiyo jazeni Fomu 1023 kamili. Ile fupi iitwayo 1023-EZ hairuhusiwi kwa shule, ingawa mtu wa kujaza fomu mtaani atawaambia ni nafuu. Fungueni akaunti ya benki yenye saini mbili.

## Hatua ya 4: Tafuta mwidhinishaji

Huyu ndiye mlango. Bila mwidhinishaji hakuna shule, hata mkiwa na watoto elfu. Ni taasisi iliyoruhusiwa na Kamishna wa Elimu kutoa mkataba na kuusimamia: inaweza kuwa wilaya ya elimu, chuo kikuu, au shirika la hisani linalotimiza masharti. Osprey Wilds na Pillsbury United Communities ni miongoni mwa zilizofanya kazi hiyo Minnesota, na idara ya elimu ya jimbo hutoa orodha nzima.

Waidhinishaji hawafanani. Mmoja anajali elimu ya mazingira, mwingine watoto wa mjini wa kipato cha chini, mwingine hapokei shule mpya kabisa mwaka huo. Soma masharti yao kabla ya kupiga simu. Ukiomba mkutano nenda na kurasa mbili tu: watoto gani, uhitaji gani, bodi gani, na fomu ngapi zimetiwa saini.

Angalia kalenda kwa makini. Mwidhinishaji akiwakubali, anawasilisha hati ya kiapo kwa kamishna angalau miezi 14 kabla ya tarehe 1 Julai ya mwaka mtakaoanza kupokea watoto. Shule ya Septemba 2028 inahitaji hati hiyo kabla ya Mei 2027. Kamishna ana siku 60 za kazi za kujibu. Na kabla ya hapo mwidhinishaji mwenyewe atataka miezi kadhaa ya kusoma maombi yenu na kuwahoji. Ndiyo maana kikundi kinachosema "tunafungua mwakani" hakijasoma sheria.

Onyo: Wakati wa mahojiano, mwacheni kila mjumbe ajibu. Waidhinishaji humtazama yule aliyekaa kimya. Wakigundua mtu mmoja ndiye anayeijua bajeti, wanajua shule itaanguka siku atakapougua.

## Hatua ya 5: Andika mpango wa masomo

"Tutawafundisha watoto wetu utamaduni" si mpango. Andika nini kitafundishwa kila darasa, kwa vitabu gani, kwa dakika ngapi kwa siku, na mtajuaje mtoto amebaki nyuma kabla ya mtihani wa jimbo. Minnesota hupima kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mkataba wenu utapimwa kwa matokeo hayo.

Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya kufundishia kwa sehemu ya siku, na hoja hiyo ina nguvu ikiandikwa vizuri. Lakini eleza waziwazi Kiingereza kitafundishwaje. Hukumu ya Lau v. Nichols ya 1974 inazitaka shule za umma zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho kuwasaidia kikweli watoto wasiojua Kiingereza, na mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma akiwa na pengo la miaka ya shule anahitaji zaidi ya mkalimani.

Elimu maalumu ndiyo sehemu inayoandikwa kwa haraka na kuleta majuto. Sheria ya Individuals with Disabilities Education Act haimruhusu mkuu wa shule kumwambia mzazi kwamba hatuna huduma ya mtoto wako. Lazima muwe na mwalimu wa elimu maalumu na msimamizi wake, hata kama wa mkataba, na fedha zake ziwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kwenye jamii zetu mtoto mwenye usonji bado hufichwa nyumbani. Shule yenu inaweza kuwa ya kwanza kumpokea kwa heshima.

Kuhusu dini: shule ya chata Minnesota hairuhusiwi kuwa ya kidini. Oklahoma walijaribu kuidhinisha shule ya Kikatoliki iitwayo St. Isidore of Seville. Mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaizuia mwaka 2024, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikagawanyika 4 kwa 4, hivyo zuio likabaki. Madrasa au shule ya Jumapili iendeshwe na taasisi nyingine, nje ya saa za masomo, bila fedha za shule.

## Hatua ya 6: Tengeneza bajeti inayostahimili watoto pungufu

Hapa ndipo shule nyingi hufa, kwa hiyo tutulie.

Jimbo hulipa kwa kila mwanafunzi. Kiwango cha msingi cha Minnesota kwa mwaka wa shule 2024–25 kilikuwa dola 7,281. Mwanafunzi wa chekechea hadi la 6 huhesabiwa moja, wa la 7 hadi la 12 huhesabiwa 1.2. Kuna nyongeza kwa wanaojifunza Kiingereza, kwa familia za kipato cha chini na kwa elimu maalumu, lakini shule ya chata haina uwezo wa kutoza kodi ya majengo kama wilaya.

Chukua shule ya chekechea hadi la 5 iliyopanga watoto 120. Fedha ya msingi: 120 × 7,281 = dola 873,720. Wakija 85, inashuka hadi 618,885. Zimepotea dola 254,835, ilhali walimu mmeshawaajiri na mkataba wa basi umeshasainiwa.

Halafu jimbo hulipa takriban asilimia 90 ndani ya mwaka na asilimia 10 mwaka unaofuata, baada ya kuhakiki idadi. Kwa watoto 85, karibu dola 61,900 za haki yenu hazitakuwa benki wakati wa kulipa mishahara ya Mei. Kadhalika malipo hufuata wastani wa siku mtoto alizoandikishwa mwaka mzima. Akihama Novemba, anaondoka na sehemu ya mwaka iliyobaki.

Kwa hiyo andika bajeti tatu: ya idadi mliyopanga, ya asilimia 70, na ya asilimia 60. Kwa kila moja onyesha nani hataajiriwa na nini hakitanunuliwa. Kisha andika mtiririko wa fedha wa mwezi kwa mwezi, kuanzia Julai hadi Juni. Mwezi wowote unaoishia chini ya sifuri, jibu lake liandikwe kando yake.

Ruzuku ya serikali ya shirikisho ya kuanzisha shule hizi ipo, iitwayo Charter Schools Program. Ombeni, lakini msiiweke kama nguzo. Huwa na ushindani, na mara nyingi mnatumia kwanza ndipo mnarejeshewa.

Umefanikiwa ukiona: bodi nzima inaweza kusema bila karatasi ni watoto wangapi wakipungua shule haifunguki mwaka huo. Idadi hiyo iandikwe kwenye muhtasari, na ikifika mwisho wa Mei haijatimia, muwe na ujasiri wa kuahirisha.

## Hatua ya 7: Sasa tafuta jengo

Fedha za jimbo haziruhusiwi kununua ardhi wala jengo, hivyo mtakodi. Kuna msaada wa pango: asilimia 90 ya gharama iliyokubaliwa au dola 1,314 kwa kila mwanafunzi, kile kilicho kidogo. Turudi kwenye shule yetu, pango likiwa dola 150,000. Kwa watoto 120 msaada ni 135,000. Kwa watoto 85 ni 111,690, na dola 38,310 zinatoka kwenye fedha za kufundishia. Usisaini pango bila kuipiga hesabu hii.

Ukumbi wa kanisa unavutia kwa sababu mchungaji tunamjua. Sheria ya Minnesota inakubali kukodi kutoka taasisi ya dini pale tu nafasi hiyo ilipojengwa kama shule. Ghala na ofisi nazo zina mtego: jengo likibadilishwa matumizi kuwa la watoto, jiji litadai milango ya dharura, mfumo wa kuzima moto na cheti kipya cha matumizi. Mwite mkaguzi wa jiji kabla ya saini, na mkataba wa pango uwe na kifungu kinachowatoa kama shule haitaidhinishwa.

## Hatua ya 8: Watumishi na mifumo

Mwajirini mkuu wa shule miezi sita au zaidi kabla ya kufungua. Walimu wote wawe na leseni ya jimbo. Mwalimu aliyesomea Kenya, Kongo au Tanzania aanze mapema kutathminiwa vyeti vyake, na wakati akisubiri anaweza kuwa msaidizi wa darasa. Wote wapitie ukaguzi wa rekodi za uhalifu.

Mtu mmoja ashike taarifa za wanafunzi kwenye mfumo uitwao MARSS, na mhasibu ajue UFARS, mpangilio wa hesabu wa shule za Minnesota. Mtoto ambaye hajaingizwa sawasawa kwenye MARSS hamtalipiwa. Chakula na usafiri amueni mapema: mnaweza kuendesha mabasi wenyewe au kuomba wilaya iwabebe, na kila njia ina tarehe yake ya kutoa taarifa.

## Hatua ya 9: Uandikishaji

Tangazeni tarehe ya mwisho ya maombi hadharani, kwa lugha zaidi ya moja. Waombaji wakizidi nafasi, mnapiga bahati nasibu. Ndugu wa mwanafunzi aliyekwisha kuandikishwa hupewa kipaumbele. Mtoto wa mwenyekiti wa jumuiya hapewi. Fanyeni bahati nasibu mbele ya watu na mtunze kumbukumbu.

Baada ya hapo, pigeni simu. Kila familia ipigiwe tena na tena kuanzia Aprili hadi Agosti: chanjo zimekamilika? Rekodi za shule ya zamani zimeombwa? Basi linapita wapi? Tembeleeni nyumbani. Shule zinazojaza viti siku ya kwanza ni zile ambazo mzazi ameshamjua mwalimu kwa sura.

Umefanikiwa ukiona: rekodi kamili, na si fomu za nia, za watoto wanaofikia idadi yenu ya chini ifikapo Juni.

## Hatua ya 10: Miaka ya mkataba wa kwanza

Mkataba wa kwanza hauzidi miaka mitano, na kusimamiwa huanza siku mnayofungua. Vikao vya bodi ni vya wazi kwa sheria. Agenda itangazwe, mihtasari ichapishwe, maamuzi yasifanyike kwenye kikundi cha WhatsApp. Mkaguzi huru wa hesabu atakuja kila mwaka.

Kila kikao cha mwezi kiwe na karatasi tatu mezani: fedha iliyopo benki, idadi ya watoto leo ukilinganisha na bajeti, na maendeleo ya kusoma na hisabati. Wageni, sherehe na sare vijadiliwe baadaye. Msiongeze madarasa mapya mpaka yaliyopo yamejaa.

Mwidhinishaji atatembelea, ataandika barua, na barua nyingine zitauma. Mjibuni kwa maandishi na kwa tarehe: nini kitarekebishwa, na nani, lini. Ikifika zamu ya kuomba mkataba upya, atakachofungua kwanza ni faili la barua hizo na majibu yake, pamoja na matokeo ya watoto na ripoti za mkaguzi.